Leseni ya Marehemu Shaame

Nchi ya Ithibati haimo kwenye ramani, na wenyeji wake wanasema kosa ni la ramani. Njia niliyopita kufika huko sina haja ya kuisimulia. Ilikuwa njia kama njia nyingine, na mimi nikiwa abiria sitazami nje wala silali, namkagua dereva. Nimefundisha watu udereva maisha yangu yote ya kazi. Mguu wangu wa kulia hukanyaga breki hata nikiwa nimekaa kwenye kochi la watu, na mke wangu ameshazoea.

Mpakani nilipokelewa na ofisa mwenye sare iliyonyooshwa vizuri, ambaye cheo chake ni Mlinganishi. Kazi ya Walinganishi ni kutazama kadi, kutazama mtu, kisha kutazama kadi tena. Alipofungua pasi yangu akashtuka kidogo. Kwenye picha nina masharubu, na mimi nilishayanyoa kwa sababu yaliota mvi upande mmoja tu, nikawa naonekana kama nimekunywa uji vibaya. Nikamweleza hivyo. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza kama pasi yangu ni halali. Nikasema ni halali kabisa.

"Basi mwenye kasoro ni wewe," akasema.

Akafungua droo, akatoa wanja, akanichora masharubu kwa uangalifu mkubwa huku akiiangalia picha. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia sasa nimekuwa mimi. Niliishi Ithibati na masharubu ya wanja, na kila nilipokula mchuzi nililazimika kwenda kwa Mlinganishi wa karibu kuongezewa.

Huo ndio msingi wa sheria zao zote. Kwao kadi ndiyo asili, na mtu ni nakala yake. Niliwaeleza kwamba kwetu mtu akikutwa na kitambulisho cha bandia, au leseni iliyochezewa tarehe, hupigwa faini au hufungwa jela, na kadi yenyewe huharibiwa. Walionihoji walisikitika sana, na hawakumsikitikia mfungwa, waliisikitikia kadi. Waliniuliza inawezekanaje kadi izaliwe duniani halafu inyimwe mtu wake. Ithibati haifanyi ukatili huo. Sheria yao ni fupi, na watoto huikariri shuleni: atakayekutwa na kadi ya kughushi, iliyobadilishwa, au isiyo yake atakuwa kile kadi isemacho, chote, mpaka muda wa kadi uishe.

Mwanzoni niliona ni adhabu nyepesi, mpaka nilipokutana na waliohukumiwa. Bi Havijawa, bibi wa watu mwenye wajukuu, alikuwa amefuta kidogo mwaka wake wa kuzaliwa ili aolewe tena na mgane mmoja mwenye nyumba ya vigae. Akahukumiwa usichana. Nilimkuta mlangoni kwake akimwamkia shikamoo binti yake wa kumzaa, na binti akiitikia marahaba huku anatazama chini kwa aibu. Mtaa mzima ulikuwa unamtuma dukani. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini kadi ilisema ni magoti ya msichana, kwa hiyo hakuruhusiwa hata kuyasugua hadharani. Kinyume chake alikuwa Faki, kijana aliyejiongezea miaka ili aruhusiwe kuingia vilabu vya pombe. Alipewa kiti barazani, akakabidhiwa ndoa za watu azisuluhishe. Nilimwona siku moja akiwatazama wenzake wakicheza mpira, akainuka kidogo kitini, kisha akakumbuka kiuno chake kinamuuma kisheria, akakaa.

Sheria hiyo ilikuwa na tundu, na wajanja waliliona mapema. Mtu akajitengenezea kadi ya uwaziri, akaipeperusha makusudi mbele ya Mlinganishi, akakamatwa huku anatabasamu, na hukumu yake ikawa uwaziri. Muda si muda wakawa na mawaziri wafungwa wengi kuliko wizara zenyewe. Baraza Kuu likakaa kujadili. Mjumbe mmoja alitaka adhabu iongezwe ukali. Akaulizwa kuna adhabu gani kali zaidi ya kuwa waziri maisha, akashindwa kujibu kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshatuma maombi. Wengine walitaka kadi za uwaziri zifichwe. Mwishowe mama mmoja aliyekaa nyuma akapendekeza kwamba anayeghushi cheo ahukumiwe kufanya kazi ya cheo hicho, bila gari lake. Uhalifu ule ukakoma mara moja. Walionung'unika ni mawaziri halali, maana ndipo kwanza waliposikia kwamba cheo chao kina kazi.

Nilikuwa nikiyaona hayo yote kama kichekesho cha msafiri. Nilipomfahamu Mize, nilipunguza kucheka.

Mize ndiye aliyenichukua kutoka mpakani kwenda mji wao mkuu, uitwao Muhuri. Alikuwa dereva wa lori la mizigo. Leseni iliyoning'inia mbele ya kioo ilisema dereva anaitwa Shaame, mwanamume. Aliyekaa nyuma ya usukani alikuwa mwanamke mrefu, kichwa amekinyoa, amevaa shati la kiume lililokunjwa mikono. Aliponiona natazama leseni kisha namtazama yeye, akasema jina lake ni Mize, Shaame alikuwa kaka yake, na kama nina swali niliweke mpaka tuipite kona ya mbele, maana ni kona mbaya.

Nilikuwa naitazama mikono yake. Alibadilisha gia kama mama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Mguu wangu wa kulia ulitulia sakafuni njia nzima, jambo ambalo halijawahi kunitokea, na nilitamani yule dada angekuwa mwanafunzi wangu ili nijivunie.

Kwa nini hakuwa na leseni yake mwenyewe ni jambo lililonitia hasira kuliko yote niliyoyaona huko. Ithibati hairuhusu mtu kushika usukani bila leseni, hata siku ya mtihani wa leseni. Kwa hiyo mtihani hufanyika juu ya kigoda. Mtahiniwa hukaa kwenye kigoda, hushika sinia badala ya usukani, na huendesha kwa mdomo. Hunguruma, hupandisha gia kwa koo, akifika konani hupiga honi kwa mashavu. Watahini hukaa mbele yake kimya na kusikiliza. Anayenguruma vizuri hupewa leseni, na jioni hiyohiyo huingia barabarani na gari la kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilikwenda kushuhudia kwa macho yangu. Alifaulu mzee mmoja mwenye sauti nzito, mwimbaji wa harusi, ambaye nilimkuta kesho yake amepaki ndani ya duka la vyombo.

Mize alifanya mtihani huo mara nyingi. Kila akifika kwenye kilima cha kufikirika, akamwona mtahini mkuu amefumba macho anauitikia mngurumo kwa kichwa, kicheko kinamshinda. Alifelishwa kwa kucheka. Walimwandikia kwamba hana uzito unaotakiwa barabarani.

Kaka yake Shaame ndiye aliyemfundisha lori la kweli, mashambani ambako hakuna Walinganishi. Halafu homa ikamchukua Shaame kwa siku chache tu, akaacha lori, dada, na mke. Nyumba ile ilikuwa inakula kwa lori. Mize akachukua leseni kwenye mfuko wa shati la marehemu, akachukua na shati lenyewe, akanyoa kichwa, akatoka na mzigo. Walifanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Askari wa vizuizini walitazama kadi, wakamtazama, wakatazama kadi, wakampungia mkono apite.

Nilifikia kwao. Mke wa marehemu, Sikudhani, alikuwa bado amejifunga kaniki ya msiba. Kila asubuhi alikaa kwenye kizingiti cha chumba chao akalia kwa sauti, na majirani walikuwa wamezoea kuinjika chai wakimsikia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi mkali, na hakuwa akimpenda wifi yake Mize tangu siku ya harusi. Baada ya msiba chuki hiyo ilizidi. Alinilalamikia kwamba Mize amevaa mashati ya mumewe, amekalia kiti cha mumewe, amechukua na jina la mumewe, na kwamba kilichobaki ni kumvaa yeye. Nilimwambia bila Mize hakuna unga. Akasema analijua hilo na ndilo linalomuudhi.

Hawakusemeshana. Wakati wa kula waliniweka katikati na kunigeuza barua.

"Mgeni, mwambie huyo dereva chumvi imo koponi," anasema Sikudhani.

"Mwalimu, mwambie wifi yangu kopo ni tupu," anajibu Mize.

Na mimi nawaambia, maana mgeni ni mtu wa adabu, ingawa walikaa karibu kiasi cha viwiko vyao kugusana. Mize na marehemu kaka yake, nilikuja kujua, wote walikuwa na ulimi wa kulalamikia chumvi.

Ukaingia Mwezi wa Ulinganisho, ambamo kila mwaka serikali hukaza ukaguzi. Nilikuwa nimepanda na Mize tunapeleka mahindi, tukafika kwenye kizuizi cha Koplo Pandu, mnene, mwenye kujali kazi yake. Mbele yetu kulikuwa na madereva wenye leseni halali. Wa kwanza alipita na mti wa kizuizi ukiwa umening'inia kwenye boneti. Wa pili alikuja kinyumenyume akiomba msamaha kwa mkono. Koplo aliwapigia saluti wote wawili. Ikafika zamu yetu. Mize akapunguza mwendo, akashusha gia, akasimamisha lori juu ya mstari wenyewe bila hata vumbi kunyanyuka.

Koplo Pandu alikunja uso. Alilizunguka lori. Akaja dirishani akauliza nani amemfundisha kusimama namna ile. Akasema tangu avae sare hajapata kumwona mtu mwenye leseni halali anasimama juu ya mstari, na kwamba hapa pana jambo. Akaichukua leseni. Akatazama kadi, akamtazama Mize, akatazama kadi, na safari hii akarudia kumtazama Mize tena, jambo ambalo Mlinganishi au askari halifanyi isipokuwa ana hakika. Akamwomba ashuke.

Hakimu wa Muhuri aliitwa Mkadam. Naye alikuwa anatumikia adhabu. Kazi yake ya asili ni kuchoma mishikaki, na siku moja, ili amtishe mteja asiyelipa, alimwonyesha cheti cha sheria alichochapiwa na rafiki yake. Tangu hapo amehukumiwa uhakimu. Aliniambia faraghani kwamba hakuna usiku anaolala vizuri, kwa sababu akikosea hukumu huongezewa muda, na akihukumu vizuri hupandishwa cheo, ambako nako ni kuongezewa muda. Alikuwa mtu mwema. Alipokuwa anafikiri, mkono wake wa kulia ulipepea polepole mbele ya kifua kama unapepea mkaa.

Mize alisimama kizimbani bila wasiwasi. Alikubali kosa kabla hajamaliza kusomewa. Aliijua sheria: atakuwa kile kadi isemacho, na kadi ilisema dereva. Niliona anazuia tabasamu. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kumpongeza kimoyomoyo.

Ndipo aliposimama mwendesha mashtaka, Bi Raya, mwanamke mwembamba, msomi wa kweli, mmoja wa wachache mahakamani pale aliyekuwa na cheti chake mwenyewe. Akasema sheria haikusema mhalifu atakuwa sehemu ya kadi anayoipenda. Imesema chote. Kadi inasema huyu ni Shaame. Na mitaani inasemekana Shaame amekufa. Kama Shaame ni maiti, basi mshtakiwa hawezi kuwa Shaame mzima. Anapaswa kuwa Shaame alivyo sasa.

Kila mtu pale aliujua Mtaa wa Marehemu. Uko nyuma ya makaburi, na wanakaa humo watu waliokutwa na kadi za wafu. Wanapumua, wanapika, wanafagia nje, lakini hakuna anayeruhusiwa kuwaona. Ukikutana nao njiani unapita kama unapita penye upepo. Hawauziwi wala hawanunuliwi kitu, hawasalimiwi, na watoto wao huelekezwa makaburini wakiwaulizia. Kadi nyingine huisha muda. Ya maiti haiishi.

Mize alishika ukingo wa kizimba, akauachia, akaushika tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona dereva yule hana pa kuweka mikono.

Swali likabaki moja: Shaame amekufa au hajafa? Daftari la serikali halikujua, kwa sababu kifo huandikwa pale tu kadi ya marehemu inaporudishwa, na kadi ilikuwa kwa Mize. Bi Raya alipendekeza majirani waitwe. Hakimu akakataa, majirani, alisema, wanajua kila kitu na kwa hiyo si mashahidi. Nikainuka mimi, nikaomba kueleza kama mwalimu wa udereva jinsi mshtakiwa anavyoendesha. Hakimu Mkadam akanishukuru, akasema ubora wa uendeshaji haubishaniwi, ndio ushahidi wa upande wa mashtaka. Nikakaa. Sheria ya ndoa ya Ithibati inampa mke neno la mwisho juu ya uhai wa mumewe, na kwa hiyo akaitwa Sikudhani.

Mize aliinama kizimbani akaninong'oneza kwamba wifi yake atamzika, na kwamba yeye hamlaumu.

Sikudhani akaingia na kaniki yake, akasimama mbele. Hakimu akamweleza taratibu, na ninakumbuka sauti yake ilivyokuwa nzito kwa huruma. Akisema mumewe amekufa, mshtakiwa atapelekwa Mtaa wa Marehemu leo hii. Akisema yu hai, basi yu hai kweli, mbele ya serikali na mbele ya watu. Atavua kaniki hapa hapa. Hatamlilia tena, wala peke yake chumbani, kwa sababu kumlilia mtu aliye hai ni ushahidi wa uongo, na chozi la uongo huhesabiwa sawa na kadi ya uongo.

"Umenielewa, mama?" akauliza.

Sikudhani aliomba aione leseni. Wakampa. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ile picha ndogo. Aliitazama mpaka karani akakohoa, akaendelea kuitazama. Mimi nilijua anachoulizwa ni nini. Hakuwa na kitu kingine kilichobaki cha mume yule zaidi ya kumlilia. Mashati yalichukuliwa, kiti kilichukuliwa, jina lilichukuliwa, na sasa wanamwambia atoe na msiba.

"Mume wangu yu hai," akasema. "Yule pale amesimama."

Bi Raya akadai athibitishe. Mtu yeyote, alisema, anaweza kumnyooshea mwingine kidole. Na Sikudhani akamgeukia kwa macho makavu, akaanza. Akasema mume wake anakoroma kama anakata mbao. Anaingia ndani bila kuvua viatu. Akiulizwa kitu anajibu baada ya kona. Anaonja mchuzi kabla hajakaa na kusema hauna chumvi, hata siku uliyotiwa chumvi mara mbili. Amemwahidi kuziba tundu la paa juu ya kitanda na tundu lipo mpaka leo, na mvua ikinyesha anasogea upande wake yeye na kumsukuma ukutani. Alikuwa anasema yote hayo huku anamtazama Mize, na Mize alikuwa anatazama sakafu, na nadhani watu wawili tu mahakamani walijua ni lipi kati ya hayo la nani.

Hakimu Mkadam alipepea mkaa wake muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi ambao, nilisikia baadaye, sasa unafundishwa. Alisema saini inaweza kughushiwa, na muhuri, na hata uso, lakini malalamiko ya mke hayaghushiki. Mshtakiwa ni Shaame, yu hai, na anahukumiwa kuwa dereva na mume wa nyumba ile mpaka leseni yake iishe muda.

Watu walipiga makofi. Sikudhani hakupiga. Alijaribu kufungua fundo la kaniki, likamkatalia, mpaka Bi Raya mwenyewe alipotoka kwenye meza yake akaja kumsaidia. Ndani alikuwa amevaa gauni la maua, la zamani. Akaikunja kaniki vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mbele ya karani, na karani akaipiga muhuri.

Asubuhi iliyofuata majirani walichelewa kuinjika chai. Nyumba ilikuwa kimya. Mlinganishi mmoja alipita chini ya dirisha, akasimama, akasikiliza, akaandika kwamba hakuna kitu, akaendelea. Sikudhani alifagia, akapika, akaunguza, akapika tena, midomo ameibana kama mtu aliyeweka pini mdomoni akishona. Kwa siku zilizobaki hakutamka jina la mumewe. Mize alikuwa anatoka mapema na kurudi amechelewa, na tulikula bila hata neno la kopo la chumvi. Nilikuwa nimeona mtu mmoja akiokolewa kutoka Mtaa wa Marehemu, na ilinichukua muda kutambua kwamba mwingine alikuwa amehamia humo.

Siku yangu ya kuondoka ikafika. Mize alikuwa na mzigo wa mpakani. Nilipopanda nikamkuta Sikudhani ameshakaa katikati ya kiti, kanga ameishikilia magotini. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemuuliza. Tuliondoka. Tulipozipita nyumba za mwisho za mji, ambako hakuna tena dirisha wala mtu wa kusikiliza chini yake, Sikudhani akaanza kulia.

Hakikuwa kilio kidogo. Kilikuwa cha siku zote zile kwa pamoja, na kilimtikisa mpaka nikashika mkono wa mlango kumpisha nafasi. Mize hakumtazama. Alipunguza mwendo, akakwepa mashimo yote, hata yale ambayo kwa kawaida angeyapitia. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba kizuizi kiko mbele. Akasema anajua. Sikudhani alijaribu kujizuia, akameza kwikwi moja, ikaja nyingine.

Koplo Pandu alitusimamisha. Alitazama leseni, akamtazama Mize, akatazama leseni, akasalimu vizuri kabisa. Halafu akamwona Sikudhani. Uso ukambadilika, na mkono ukashuka pale pingu zilipokuwa.

"Bwana Shaame," akasema, "mbona mkeo analia?"

Nilitafuta uongo wowote kichwani, moshi, vumbi, jino, na sikupata hata mmoja ulio kamili. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Mize alitazama barabara mbele yake.

"Nimemkosea," akasema.

"Umemfanya nini?"

"Niliondoka nyumbani nikamwacha peke yake. Sikumuaga."

Sikudhani aliinua uso. Alimtazama Mize, yule mwanamke mwenye shati la mumewe na sura ya mumewe. Tangu nifike kwao sikuwahi kumwona anamtazama hivyo.

"Kweli, mama?" Koplo akamuuliza.

"Kweli," akasema Sikudhani. "Nilikwenda kumchotea maji. Alisema ana kiu. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshaondoka."

Koplo Pandu aliondoa mkono kwenye pingu. Alikuwa mtu wa familia, na jambo lile lilimuudhi waziwazi. Akamwambia Bwana Shaame kwamba hiyo si tabia ya mwanamume mwenye heshima zake, kwamba mke si mlango wa kupita tu, na kwamba hataruhusu lori lile lipite mpaka amsikie akimwomba radhi mkewe kwa mdomo wake.

Mize akaweka breki ya mkono. Akageuka.

"Nisamehe, Sikudhani," akasema. "Sikutaka kuondoka."

Sikudhani alilia palepale mbele ya serikali, kwa sauti, kihalali, na Koplo akamngoja amalize. Hakumharakisha. Alipoona ametulia, akamnyooshea Mize kidole.

"Usirudie tena."

"Hatarudia," akajibu Sikudhani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na Koplo akatuinulia kizuizi.